Mbona ziwa lenu halipwi

Jambiani, Unguja

Kwako swahiba yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba watoto na wanao wote. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata, na lile swali la mwisho limenikaa kichwani: kama mwezi ndio unaovuta bahari hadi ngalawa zinabaki mchangani, mbona Ziwa Victoria hapo Mwanza limetulia tu, halipwi wala halijai? Swali zuri mno. Nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Mwezi unalivuta ziwa lenu vilevile unavyoivuta bahari yetu. Mvutano hauchagui: kila kitu huvuta kila kitu kingine, na nguvu hiyo hupungua kadiri vitu vinavyokuwa mbali na vingine. Ila huo mvuto wa mwezi ni hafifu. Ukiulinganisha na jinsi dunia inavyotuvuta chini, ni kama sehemu moja kwa laki tatu. Nguvu ndogo hivyo haiwezi kunyanyua maji, yawe ya bahari au ya ndoo.

Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto kati ya mahali na mahali. Dunia ina unene wa kilomita 12,700 na ushei, na mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Basi upande unaouelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko upande wa nyuma, kwa karibu asilimia 7. Fikiria watu watatu wanakimbia kwa kufuatana: wa mbele ana kasi, wa kati ni wa wastani, wa nyuma mzito. Yule wa kati akitazama mbele na nyuma ataona wenzake wote wawili wanazidi kuwa mbali naye. Wa mbele ni maji ya upande wa mwezi, wa kati ni dunia yenyewe, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Ndiyo maana bahari hutuna pande zote mbili, na dunia inapozunguka sisi tunajaliwa maji mara mbili kwa siku. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea, kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Wavuvi wa hapa hawahitaji saa kulijua hilo.

Sasa ziwa. Kwa macho yetu ni kubwa, lakini urefu wake ni kilomita 340 hivi. Kwa mwezi, Mwanza na Jinja, ng'ambo kule Uganda, ni kama mahali pamoja. Tofauti ya mvuto kati yake haifai hata kutajwa. Bahari Hindi ina maelfu ya kilomita. Humo maji husukumwa kidogo kidogo kwa ulalo, yakajikusanya safari nzima, na yakikutana na pwani hayana pa kwenda ila juu. Ziwani hayapati nafasi hiyo. Kujaa kupo, ila ni kudogo kiasi kwamba upepo wa jioni mmoja unakufuta.

Na jua je? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Jua huivuta dunia karibu mara 180 kuliko mwezi, lakini mchango wake katika kujaa na kupwa haufiki nusu ya ule wa mwezi! Liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na kwa umbali huo unene wa dunia si kitu, tofauti inakuwa ndogo. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, pamoja na ukubwa wake wote, mwaka 1632 bado alikataa kwamba mwezi unahusika. Newton, mwanasayansi Mwingereza, ndiye aliyekuja kulifungua fumbo mwaka 1687.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi hukaa mstari mmoja na dunia, nguvu zikajumlika, na baada ya siku moja mbili huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Wiki hii tunayo. Asubuhi maji yamekimbilia kule mwambani, kina mama wametoka na magunia yao kwenda kufunga mwani, vigingi viko wazi hadi chini. Ikifika alasiri vimefunikwa vyote; kati ya kupwa na kujaa ni karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu yanakuja maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na shambani kwao hakufikiki vizuri.

Wala usidhani Mwanza mmesahauliwa. Ardhi ngumu nayo hutii tofauti hiyohiyo: hupanda na kushuka karibu sentimita 30, mara mbili kwa siku. Lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini hapo kwenu, ziwa, nyumba yako na wewe mwenyewe mnapanda pamoja, kwa hiyo hakuna anayeona. Vyombo vya kupimia vinaona.

Mkija likizo, panga mfike siku ya mwezi mpevu ili watoto waione bamvua. Na usisahau dagaa wangu.

Akupendaye daima,
Swahiba yako