Mapigo ya Moyo Yakivurugika, Vali Nazo Zichunguzwe

Wateja wengi wanaokuja kliniki kwetu wakilalamika kwamba moyo unawadunda bila mpangilio huomba ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na wakishapewa karatasi yao huona kazi imekwisha. Karatasi hiyo huonyesha kwamba mapigo yamevurugika, lakini mara nyingi haitoshi kueleza chanzo chake.

Huku kwetu Afrika Mashariki, hasa kwa vijana na kina mama, chanzo kinaweza kuwa vali ya mitrali, yaani mlango wa damu ulio kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto wa moyo. Mtoto akiugua koo kwa bakteria wa streptokoka na asitibiwe, kinga ya mwili wake inaweza kuzigeukia vali zake mwenyewe, na miaka mingi baadaye kingo za vali hiyo zikawa zimekakamaa na kushikana. Vali yenye afya ya mtu mzima hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6; ikifika 1.5 au chini ya hapo, imebana vibaya. Damu hurundikana nyuma yake, chemba ya juu hutanuka na kupata makovu, na umeme wa moyo huanza kuzunguka ovyo, hata chemba ikawa inatetemeka tu badala ya kusukuma. Damu iliyotuama huganda, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi.

Kwa mgonjwa wa namna hii tunahesabu mapigo kifuani na kwenye kifundo cha mkono kwa wakati mmoja, na mara nyingi ya mkononi huwa machache, kwa kuwa mengine ni dhaifu mno kufika huko.

Ndiyo maana tunasisitiza ECHO, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kisicho na sindano wala mionzi, kwani hali ya vali ndiyo huamua dawa. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kuwa kwa ugonjwa huu dawa za kuzuia damu kuganda za kundi la warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani, dawa ya kazi hiyo hiyo ambayo ni mpya zaidi. Kwa hiyo tafadhali usitumie dawa ya jirani. Anayemeza warfarini lazima apime INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara, na mama anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Njoo na karatasi zako za zamani na dawa zote unazotumia. Lakini mtu akizimia, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla, asiletwe kwetu. Apelekwe moja kwa moja hospitali yenye huduma ya dharura.