Kabla hujatia sahihi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Unasema barua ya kujiuzulu iko tayari, imebaki sahihi tu. Nakuomba usiitie sahihi bado.

Maneno aliyokutupia bosi wako mbele ya wenzako, "kiziwi kama wewe nani alikuajiri," yamenikaa rohoni. Ni mimi niliyekukalisha upande wangu wa kushoto tangu ukiwa na miaka minne, ili sikio lako zima, la kulia, liwe kwangu. Najua unavyogeuza shingo mtu akianza kusema, na najua wasiokujua hudhani unawapuuza.

Umeandika kwamba anamtukana kila mtu, kwa hiyo huna kesi. Hapo sikubaliani nawe. Kufokea ofisi nzima ni unyanyasaji, na Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unautambua hata ukitokea mara moja. Lakini anapokutukana kwa ajili ya sikio lako, ameshaingia kwenye ubaguzi, na nchi nyingi zina sheria zinazokataza hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika Ibara ya 27, unataka mfanyakazi mwenye ulemavu alindwe dhidi ya manyanyaso na apate pa kupeleka malalamiko. Tena unahesabu kwamba kumnyima marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko ya kumwezesha kufanya kazi kama wenzake, ni ubaguzi pia. Sheria ya kazi ya hapo ulipo ndiyo itakayokuambia mlango wa kupitia.

Sasa nikuulize: umewahi kuyaomba hayo marekebisho? Ulipoajiriwa ulificha sikio lako, na sikulaumu, kazi ulikuwa unaihitaji. Ila mwajiri asipojulishwa, ni rahisi kwake kusema hakujua. Kwa hiyo barua ya kuandika wiki hii ni ya ombi. Eleza kwamba sikio la kushoto halisikii. Omba kukaa upande utakaomsikia msemaji, na maagizo ya kikaoni yaje pia kwa maandishi. Ni mambo ya kuhamisha kiti na kuandika mistari michache. Ambatisha cheti cha daktari, ipeleke kwa bosi na kwa idara ya utumishi, nakala ibaki kwako. Akikataa, au akianza kukulipizia kisasi, utakuwa na karatasi mkononi.

Kila anapokutukana, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotoka, na nani alikuwepo. Usiyapambe. Kumrekodi kwa siri usithubutu kabla ya kuuliza, maana kwingine ni kosa. Muone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na kama hakuna, afisa wa kazi. Waulize mapema muda wa kufungua malalamiko, kwani mara nyingi ni mfupi, na wengi hupoteza haki yao wakisubiri hasira ipoe.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nikiwa na umri kama wako niliacha kazi kwa sababu ya mtu wa namna hii. Nilikuwa natetemeka, nikaandika mstari mmoja: naacha kwa sababu zangu binafsi. Nilipokwenda kudai, waliiweka ile karatasi mezani, wakanionyesha sahihi yangu chini ya maneno hayo. Sikuwa na cha kujibu. Nilisimama pale nikiutazama mwandiko wangu mwenyewe.

Mwili wako ukikataa, usingizi ukipotea, nenda kwa daktari na umweleze chanzo chake, ili kiandikwe kwenye faili lako. Na ikibidi kuondoka, utaondoka. Ila barua yako itataja sababu ya kweli.

Nitumie rasimu ya ombi kabla hujaipeleka. Nitaisoma usiku huohuo.

Mama yako