Wanunuzi wa strima za muziki waulize kwanza tundu la flashi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kifaa ambacho kimeanza kuingia majumbani mwetu, ama kwa kununuliwa madukani Darajani na Mlandege, ama kwa kuletwa na jamaa wanaotoka Dubai na Maskati. Nakusudia strima, yaani kile kisanduku kidogo kinachounganishwa na amplifaya na kuiwezesha kucheza muziki wa mtandaoni, bila ya mtu kulazimika kuacha mashine na spika alizokwishazizoea. Kifaa chenyewe ni kizuri na sina ugomvi nacho. Ninalolitilia shaka ni namna tunavyokichagua, kwani mazungumzo ya wanunuzi, na ya wauzaji pia, aghalabu huanza na kuishia kwenye tarakimu zilizoandikwa juu ya boksi.

Utasikia kwamba hiki kina biti 32 (usahihi wa kila kipimo cha sauti) na kilohezi 768 (yaani sauti hupimwa mara 768,000 kwa sekunde), kwa hivyo lazima kiwe bora kuliko kile. Sahani ya CD hutumia biti 16 na kilohezi 44.1, na kipimo hicho kinatosha kubeba sauti yenye mitetemo hadi kilohezi 22, yaani 22,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu, tena la kijana, huishia karibu na kilohezi 20. Sasa na tuangalie tunachokisikiliza khasa. Rekodi alizozifanya Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928 ziliingizwa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na kanda nyingi za taarab tulizorithi zilinukuliwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo huenda ilinukuliwa kutoka redioni. Hakuna kifaa kitakachoirejeshea kanda hiyo sauti ambayo haikuingia tangu mwanzo. Strima inayocheza kiwango cha CD bila ya kukipunguza inatutosha, na fedha inayobaki ni bora iende kwenye spika.

Suala lenye uzito ni muziki wetu umewekwa wapi. Katika huduma kama Spotify, Tidal na Boomplay zimo baadhi ya rekodi za taarab ya Unguja, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sehemu kubwa ya hazina ya vikundi vyetu, kuanzia Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, imo katika kanda zilizorekodiwa ukumbini, harusini na kutoka redioni, na kanda hizo zimo makabatini mwetu. Wengi wameanza kuzihamishia kwenye kompyuta, na wanafanya jambo la maana. Saa moja ya muziki wa kiwango cha CD, ikihifadhiwa kwa mfumo wa FLAC ambao haupotezi chochote, huchukua takriban megabaiti 300 hadi 400, maana yake flashi ya gigabaiti 64 inaweza kubeba saa 160 au zaidi. Ni kabati zima la kanda, na halihitaji bando hata senti moja.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: je, kifaa hiki kinasoma flashi au diski ya nje? Wala mnunuzi asitosheke kuona tundu la USB, kwa sababu tundu hilo pengine ni la umeme tu, au la kuunganishia kompyuta. Strima za WiiM Mini na WiiM Pro, ambazo zinapendwa kwa unafuu wa bei, hazichezi muziki kutoka kwenye flashi. WiiM Ultra na Bluesound Node zinacheza. Mwenye WiiM Pro bado ana njia, kwani anaweza kuziweka nyimbo kwenye kompyuta, au kwenye ruta yenye uwezo wa kuzihudumia, na strima ikazichukua huko kupitia mtandao wa nyumbani, kwa utaratibu unaoitwa DLNA, ila itamlazimu kuwa na kifaa cha pili kinachowaka kila anapotaka kusikiliza. Vijana wanaopenda kujiundia vitu wanaweza kutumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pamoja na programu ya Volumio, na flashi ikasomwa bila ya taabu.

Linalofuata ni programu ya simu inayoongoza strima, ambayo naona inadharauliwa mno. Programu nyingi hupanga nyimbo kwa jina la msanii na albamu. Mpango huo haufai kitu kwa mkusanyiko ambamo wimbo mmoja umeandikwa kwa jina la kikundi, wa pili kwa jina la mwimbaji, na wa tatu umeandikwa “Harusi ya Wete upande B”. Tunachokihitaji ni programu inayofungua mafolda kama yalivyo, tukapita wenyewe. Vilevile iulizwe flashi iwe ya mpangilio gani, yaani namna mafaili yanavyopangwa ndani yake, maana baadhi ya vifaa husoma FAT32 peke yake, na mpangilio huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4.

Najua nitaambiwa kwamba mtandao siku hizi upo kila pahala. Upo, lakini tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na siku kama hiyo strima isiyojua kitu zaidi ya intaneti hubaki pambo la mezani. Hata mtandao ukiwa mzima, muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa, na wa kiwango cha CD hula zaidi ya mara mbili ya hapo. Tena kampuni za nje hubadilisha mipango zikitaka: Google ilianza kuuza strima yake ya Chromecast Audio mwaka 2015, na kufikia Januari 2019 ilikuwa imeacha kuitengeneza, kampuni ya spika ya Sonos nayo ilisitisha mwaka 2020 kuvipa vipengele vipya baadhi ya vifaa vyake vya zamani. Mafaili yaliyomo kwenye flashi hayangoji idhini ya mtu.

Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe naongeza jambo la kuta. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na waifai ya ghorofa ya juu mara nyingi haifiki ukumbini. Inafaa kuchagua strima yenye tundu la waya wa mtandao, ambalo WiiM Mini haina na WiiM Pro inalo. Wanaoletewa vifaa kutoka Marekani nao wasome kibandiko cha nyuma, kwa kuwa umeme wa huko ni volti 120 na wetu ni 230. Kikiandikwa 100–240, hakuna neno.

Wenye maduka ninawaomba waweke amplifaya moja na spika zake juu ya meza, na wamruhusu mteja aje na flashi yake mwenyewe, aichomeke, afungue mafolda yake kwa simu yake, asikilize, ndipo alipe. Na pale kifaa kisiposoma flashi, waandike hivyo kwenye karatasi ya bei, kwa Kiswahili.

Msomaji wako,
Kiponda, Mjini Unguja