Barua kwa vijana wa Lubumbashi wanaotafuta lupango (kiwanja) la kwanza

Wanangu wapenzi,

Ninawaandikia ninyi mnaopanga chumba na sebule katika mitaa yetu ya Kampemba, Kenya na Bel-Air, ambao kila mwisho wa mwezi mnamhesabia mwenye nyumba dola zenu mkisema moyoni: mwaka kesho na sisi tutakuwa kwetu. Ninawaandikia pia watoto wetu walio Lusaka, Johannesburg na Bulaya, wanaotuma pesa kidogo kidogo kwa kaka au shangazi ili awatafutie lupango. Hamu yenu ni nzuri na ninaiombea. Mtu mwenye kwake halali na hofu ya kufukuzwa, na watoto wake hawabadilishi shule kila mwenye nyumba anapopandisha bei.

Najua pia mnavyokimbizwa. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na hadi leo shaba na kobalti ndizo zinazoita watu. Wanaokuja wote wanataka pa kulala, na wenye pesa ya machimbo wanalipa bila kubishana. Unaonyeshwa kiwanja upande wa Kalebuka au Luwowoshi, unaomba siku mbili za kuongea na mkeo, komisioneri, yaani dalali, anakuambia kuna mtu wa Kolwezi, mji wa machimbo, anakuja saa tisa na pesa taslimu. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mtu huyo hayuko. Katika hali zote mbili moyo wako unadunda, na pesa inatoka kabla akili haijauliza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo haraka inawaficha. Hapa kwetu haununui udongo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Anachoweza kukuuzia mtu ni haki aliyo nayo juu ya kipande kile, pamoja na nyumba iliyosimama pale. Haki yake ikiwa kamili, unapata kamili. Ikiwa nusu, unapata nusu, hata kama umelipa bei ya kamili. Kama hana haki yoyote, umempa zawadi. Kwa hiyo, kabla ya kupima kiwanja kwa hatua, mpime mtu anayekiuza.

Anza na karatasi yake. Komisioneri anaziita zote "dokima", lakini uzito wake si mmoja. Kuna karatasi ya chifu wa kijiji au ya shefu wa katye (mkuu wa mtaa), inayoshuhudia tu kwamba fulani anajulikana pale. Kuna fishi ya lupango, kadi ya kiwanja inayotoka komine, yaani ofisi ya tarafa ya mji. Watu wengi wa Katuba na Ruashi wamezaliwa, wakaoa na kuzeeka juu ya fishi hiyo, nami siidharau, ila mbele ya sheria haitoshi kuwa hati ya haki. Kuna kontra (mkataba) ya kukodi, ambayo Serikali inampa mtu kwa muda usiopita miaka 3 ili aendeleze kiwanja. Akikiacha kichaka, anaweza kukipoteza, na wewe uliyenunua kwake unapoteza pamoja naye. Juu ya zote kuna sertifika ya uandikishaji, anayoisaini konsevatere, yaani msajili wa hati za ardhi. Hiyo ndiyo sheria inaitambua kuwa inathibitisha haki ya mtu, na ikishapita miaka 2 bila kushtakiwa, kuiangusha ni kazi ngumu mno. Ndani yake soma kama konsesyo, yaani haki ya kutumia ardhi ya Serikali, ni ya daima, ambayo inapewa raia Mkongomani, au ya kawaida, ambayo ni ya muda usiozidi miaka 25. Ikiwa ni ya muda, angalia miaka mingapi imebaki.

Wengi wenu mfuko utafika kwenye fishi tu. Sitawaambia msinunue, maana nikisema hivyo nitakuwa nimewaambia mpange nyumba za watu mpaka uzee. Nunueni, lakini kwa bei ya fishi, siyo bei ya sertifika, na pesa ya kupanda kutoka karatasi moja hadi nyingine iwe imewekwa pembeni kabla hamjalipa hata dola moja ya kiwanja.

Kisha nendeni ofisini wenyewe. Chukueni nakala ya karatasi, ulizeni ni ofisi gani ya hati za ardhi inayoshika eneo lile, muingie bila komisioneri na bila muuzaji. Ombeni jibu la maandishi: jina la nani limeandikwa, je, kuna ipoteki (rehani), je, kuna mtu aliyeweka pingamizi. Mleteni mpimaji wa kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, atazame kama mawe ya mipaka yako mahali pake. Muuzaji akikataa kutoa nakala, muageni kwa heshima muondoke. Kuuliza si ujinga, na muuzaji mkweli hakasiriki akiulizwa. Yeye pia anapenda mnunuzi ambaye hatarudi na polisi.

Mtasema: mzee, tukiuliza mtu wa Kolwezi atachukua. Jibu langu ni kwamba mjitayarishe kabla ya kuanza kutembea. Pesa iwe mahali pamoja. Avoka (wakili) au noteri (mthibitishaji wa hati) mtakayemtumia mumjue tayari, na mpimaji pia. Mkiwa hivyo, uchunguzi wote unaweza kuchukua siku chache. Muuzaji akiogopa kungoja, mwachieni kitu kidogo cha kushikilia, kwa maandishi yaliyosainiwa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, yakisema wazi kwamba pesa inarudi ofisi ikionyesha jina lingine. Ila msiuze pikipiki inayowalisha, wala msichukue mkopo wa miezi michache wenye riba kali, kwa ajili ya kumshinda mtu ambaye hamjawahi kumwona. Likelemba, mchango wa kupokezana, ya watu mnaowafahamu inakwenda polepole, lakini haitaondoa chakula cha watoto mezani.

Hapa ninataka kukaa kidogo, maana mambo ninayoitwa kusuluhisha mara nyingi yanatoka hapa: familia ya muuzaji. Nilikaa katika baraza moja la kijana na mkewe waliokuwa wamenunua Ruashi kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Kijana mwenye adabu, karatasi ya komine mkononi, funguo mkononi. Walianza kujenga, kuta zikafika kwenye madirisha. Ndipo wakaja dada zake kutoka Mbuji-Mayi na Ndola, na nyuma yao watoto wa mama mwingine ambao hakuna aliyewataja siku ya kuuza. Hawakuwa waongo. Walikuwa watoto wa marehemu kweli, aliowatambua akiwa hai. Kijana yule na mkewe walilipa mara ya pili ili wabaki, na kuta zilikaa bila paa kwa muda mrefu.

Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu mbele katika urithi, na wale waliozaliwa nje ya ndoa wamo, ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Mtoto mkubwa anaweza kusimamia mirathi. Hilo halimfanyi kuwa mwenye mali peke yake. Basi nyumba ikiwa ya urithi, ombeni maandishi ya baraza la familia yenye saini ya kila mrithi na nakala ya kitambulisho chake, na mjane awepo. Na muuzaji akiwa hai na ana mke, sheria inataka wote wawili wakubali, hata kama ndoa yao ni ya kutenganisha mali. Saini ya baba peke yake haitoshi. Bwana akikuambia "mke wangu hajali mambo haya", hapo ndipo mnatakiwa kujali ninyi.

Tuna njia yetu ya zamani ya kujua haya bila kumtukana mtu. Nendeni na mzee wa upande wenu, mseme: tumekuja kumsalimu mama kabla ya kuongea biashara. Kaeni sebuleni. Kunyweni maji mnayopewa. Mtaona kama watoto wanajua nyumba inauzwa, au kama mama anaposikia neno "lupango" anamtazama mumewe kwa mshangao. Piteni na kwa jirani wa kushoto na wa kulia, na kwa yule anayeuza makala (makaa) kwenye kona, muulize lupango hili ni la nani. Majirani wanajua ugomvi ambao hauandikwi ofisini.

Pembeni ya mji, upande wa komine Annexe, hatari ina sura nyingine. Chifu anakata viwanja, anawagawia watu, anaweka saini, na nia yake inaweza kuwa safi kabisa, maana babu zake walikaa pale. Lakini shamba lile linaweza kuwa na mtu mwenye konsesyo iliyoandikwa zamani, anayeishi Kinshasa, na siku anarudi na sertifika yake, nyumba ishirini zinahesabiwa uvamizi. Chifu aheshimiwe, apewe haki yake ya desturi, halafu mwende kadasta hata hivyo. Nyumba za kambi za zamani za kampuni ya madini Gécamines na za reli nazo ziulizwe vilevile: mtu anaweza kukaa mule miaka mingi akiwa na barua ya kukaa tu, bila haki ya kuuza.

Kuhusu ardhi yenyewe nina machache. Msinunue mwezi wa nane peke yake, wakati kila mahali ni kukavu na kila dembo (bonde la majimaji) linafanana na uwanja wa mpira. Rudini Januari au Februari, baada ya mvua kubwa, mtazame maji yanapita wapi. Karibu na mito ya Kafubu, Karavia na Naviundu ndiyo zaidi. Ulizeni kama kiwanja kilikuwa shimo la kutolea udongo wa matofali, maana mengi yamejazwa takataka, na nyumba iliyosimama juu ya takataka inapasuka. Karibu na bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na mlima wake wa mabaki, kama mtaa wa Penga Penga, udongo umebeba metali za miaka mingi ya moshi: mtu anayetaka bustani ya mboga atafute mahali pengine. Muulize jirani kama maji ya Regideso yanafika kweli au ni bomba tu bila maji, kama nguzo ya SNEL ina umeme, na choo chake kiko umbali gani na mahali mtakapochimba kisima. Msijenge chini ya waya za umeme mkubwa. Na mkumbuke kwamba madini ya chini si yenu: Kasulo, kule Kolwezi, watu walianza kuchimba kobalti ndani ya viwanja vyao mwaka 2014, na mwaka 2017 wengi walihamishwa.

Kwa ninyi mlio mbali: jina kwenye karatasi liwe lenu tangu siku ya kwanza. Kaka akiwawakilisha, awawakilishe kwa prokurasyo (hati ya uwakilishi) iliyopita kwa noteri, na pesa ipite benki ili iache alama. Kumwandikia hivyo si kumtilia shaka. Kunamlinda siku ambayo wengine watasema alikula.

Mkishalipa kazi haijaisha. Mpaka mutasyo, yaani kubadilisha jina, ifanyike, daftari la Serikali bado linalo jina la muuzaji, naye anaweza kuuza tena. Pelekeni faili wiki ileile, lipeni benki kwa hati rasmi ya malipo, siyo mkononi mwa karani, na ninyi mliooana majina yenu wawili yaingie. Pigeni uzio hata wa miti, ombeni ruhusa ya kujenga, mtu akae pale. Kisha fanyeni nakala za kila karatasi na kila risiti: moja kwa wazazi wa mume, moja kwa wazazi wa mke, na moja kwa avoka.

Mzee wenu,
Katuba, Lubumbashi