Kungoja Hakuhitaji Adui: Barua ya Wazi kwa Wanandoa Wanaongojea Mtoto

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mlio katika ndoa na mnaongojea mtoto, wengine kwa mwaka wa tatu, wengine kwa mwaka wa kumi na zaidi, na pia ndugu zenu, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kuufanya mwaka mmoja wa kungoja uwe mzito kama mitano. Mimi ni mkunga mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri huku mlimani Kilimanjaro. Nimepokea watoto wa watu wengi, na nimekaa na wengi ambao siku yao ya kuja leba haikufika. Nilikuwa nikiamini kwamba mambo haya huzungumzwa chumbani, kwa sauti ya chini, na mtu unayemfahamu. Mazishi niliyohudhuria Januari hii yamenifanya nishike kalamu.

Aliyezikwa alikuwa mjane, jirani yangu. Mwanawe na mkewe walikuja kutoka mjini, wakaegesha gari nje ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, wakasimama barabarani mpaka jeneza lilipoteremshwa. Hawakutupa udongo kaburini. Walikuwa wamebeba maji ya chupa na maandazi yao ndani ya gari, na binti aliyetumwa kuwapelekea sahani mbili za wali alirudi nazo vilevile, akaziweka mezani bila kumwangalia mtu usoni. Sababu ilijulikana na kila aliyekuwa pale. Ndoa yao ina miaka minane bila mtoto, na mtu mmoja wa mjini anayejiita nabii aliwaambia kwamba tumbo la mke limefungwa na mwanamke mzee wa upande wa mume, anayekaa kwenye migomba. Jina hakutaja, wala hakuwa na haja ya kulitaja, maana ni mama yupi wa mume huku kwetu asiyekaa kwenye migomba?

Mama huyo tuliyemzika, katika jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba, kila tulipoulizwa mahitaji ya maombi alikuwa na hitaji moja tu, naye alilisema bila kuficha: mwombeeni mkwe wangu. Alilisema hata mwaka ule ambao mwanawe hakuja Krismasi na hakupokea simu yake.

Sasa niseme kinachoniudhi. Kuna mstari mmoja ambao hawa wenye maono wameufanya kuwa mtaji, nao ni Mathayo 10:36, kwamba adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake. Unasomwa kwa kipaza sauti usiku wa manane, kisha msikilizaji anaambiwa afumbe macho na kumtazama adui yake, na kwa kuwa mtu aliyefumba macho huona sura anazozifahamu, anamwona mama yake, au shangazi, au wifi waliyegombana naye mwaka jana. Someni sura nzima, wanangu. Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba kumfuata yeye kunaweza kuwatenga na watu wa nyumba zao. Hakuna neno hapo juu ya uchawi wala juu ya tumbo lililofungwa. Maneno yenyewe yana asili katika kitabu cha Mika, sura ya 7, ambapo nabii anaomboleza juu ya nchi iliyooza, ambayo waamuzi wake wanakula rushwa na nyumba zake zimevurugika. Na tazameni ni nani anayemdharau mwenzake katika mstari ule wa 6: mwana anamdharau baba, binti anainuka dhidi ya mama, na mkwe dhidi ya mama mkwe. Mstari unaotumiwa kuwashitaki wazee wetu uliandikwa kuwashitaki vijana.

Kisha endeleeni mbele mstari mmoja tu. Baada ya kusema kwamba nyumba imejaa uadui, Mika anasema kwamba yeye atamtazamia Bwana na kumngojea Mungu wa wokovu wake, na kwamba Mungu wake atamsikia. Katika mikesha yote niliyohudhuria, kwa kuombwa na wagonjwa wangu au kwa udadisi wangu mwenyewe, sijasikia mtu akiufikia mstari wa 7. Nadhani naelewa kwa nini. Mtu anayemngojea Mungu hanunui chupa ya mafuta.

Sisi wa Moshi tulipaswa kuwa wa kwanza kujifunza. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Tulilia, tukazika, tukalaumu ulinzi mdogo na mlango mwembamba, na baada ya miezi michache tulirudi kwenye foleni zilezile. Aliyenunua hayo mafuta simcheki. Mtu anayengoja kwa miaka anachoka kutojua, na siku anapotokea wa kumwambia kwamba tatizo lake lina jina na lina mahali linapoishi, anapumua. Uongo huo unampa la kufanya: kumfungia mama milango, kutokula chakula chake, kuandika kwenye status ya WhatsApp mistari ya Zaburi inayoomba maadui waaibike, huku ukoo mzima ukijua ni nani anayepigwa mshale. Kwa nje inaonekana ni imani, lakini ukichunguza utakuta Mungu amebakiziwa kazi ya kumpiga mtu tuliyekwisha kumchagua.

Nanyi mabinti mnaofurahi kusikia kwamba mwenye kosa ni mama mkwe, nawasihi msifurahi mapema. Nimeona jinsi hadithi hii inavyokwenda. Mafuta yakiisha na mimba isiingie, nabii yuleyule anapata ufunuo wa pili, kwamba mke ana jini mahaba, na kwamba mume huyo wa kiroho ndiye anayezuia watoto. Hapo ndugu wa mume, ambao jana mlikuwa hamsalimiani nao, wanaalikwa kumshauri kijana wao aangalie maisha yake. Aliyetengwa na mama mkwe kwa unabii wa kwanza hana wa kumtetea katika unabii wa pili.

Na jambo hili haliishii kwenye chuki za kifamilia. Mikoa ya Kanda ya Ziwa imezika vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa kuwapikia haohao waliowashuku. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na chini yake kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa. Anayetaja mchawi kwenye kilinge anakamatwa. Anayetaja mchawi kwenye jukwaa lenye taa na kinanda anapewa ulinzi wa askari ili umati usimsonge. Sisi wachungaji na wazee wa makanisa makongwe tunanung'unika ofisini, halafu Jumapili tunahubiri juu ya jengo la usharika.

Nirudi kwenu, maana ninyi ndio ninaowapenda. Biblia haikosi watu waliongojea watoto, na ni vema mjue walivyongoja. Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipoondoka Harani na miaka 100 alipozaliwa Isaka, yaani miaka 25 kati ya ahadi na mtoto. Katikati ya miaka hiyo yeye na Sara walichoka, wakatafuta njia ya mkato kupitia Hajiri, kijakazi wa Sara, na ugomvi ulioichoma nyumba ile ulitoka ndani ya njia hiyo ya mkato. Hakuna jirani aliyewaroga. Isaka naye alioa akiwa na miaka 40 na akapata mapacha akiwa na miaka 60, na imeandikwa kwamba alimwomba Bwana kwa ajili ya mkewe. Alimwombea yeye mwenyewe, hakumsindikiza kwa mwombaji na kumsubiri nje. Zakaria na Elizabeti walikuwa wenye haki wote wawili mbele za Mungu, na Luka anaandika hilo kabla hajasema kwamba hawakuwa na mtoto, ili asitokee mtu wa kusema kwamba tasa ana dhambi iliyojificha.

Kuhusu Hana, wengi husifu maneno ya Elkana, kwamba je, yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Mimi siyasifu sana. Elkana alimpenda mkewe, lakini alikuwa na watoto kwa Penina, mke wake mwingine, na ni rahisi kumwambia mwenye njaa kwamba chakula si kila kitu ukiwa umeshiba. Ninachokipenda katika habari ile ni kwamba Hana, aliyechokozwa mwaka baada ya mwaka na mwanamke wa nyumba moja naye, mwanamke ambaye kweli alikuwa na nia mbaya, alipofika mbele za Bwana hakutumia maombi yake kumpiga Penina. Aliimwaga nafsi yake hadi kuhani akamdhania amelewa. Kama yuko aliyekuwa na haki ya kuomba adui aanguke ni yeye, na hakuitumia.

Sasa neno la mkunga. Kumtumaini Mungu hakukuzuii kupima. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la kupata mtoto katika maisha yake, na sisi wa wodini tunajua kwamba sababu za upande wa mwanamume zimo katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya kazi, aliyeletwa kliniki alikuwa mke, peke yake au na mama mkwe, amebeba faili nene la vipimo, wakati mume hajatoa hata kipimo kimoja cha mbegu, ambacho ni rahisi kuliko vyote alivyopitia mkewe. Kisonono kisichotibiwa huziba mirija. Uvimbe, homoni, umri, na matumbwitumbwi yaliyompata kijana akiwa amebalehe vyote vina njia zake za kuleta tatizo. Mwaka mmoja ukipita mkiwa pamoja bila kinga na bila mimba, nendeni wawili. Na mke akiwa amevuka miaka 35, msingoje mwaka uishe. Subira inayohubiriwa kwa mke peke yake, huku mume akiogopa kikopo cha maabara, siijui ilitoka katika Injili ipi.

Mama wakwe wenzangu, kwenu nina maneno machache. Msiulize. Msihesabu miezi. Msimpelekee kijana wenu jina la binti mwingine. Msitoe mfano wa mke wa jirani. Mkisikia mimba imeharibika, nendeni mkapike, mfue, mnyamaze.

Jamii yetu nayo isijifanye haihusiki. Tunachangishana mamilioni kwa ajili ya ukumbi na keki, kisha mshereheshaji anatangaza kwa kipaza sauti kwamba baada ya miezi tisa turudi kula chakula cha mzazi, na ukumbi mzima unapiga makofi. Kamati ile ya harusi iliyokutana kila wiki haionekani tena mwaka wa nne, wakati wanandoa haohao wanakaa mwisho wa kanisa siku ya ubatizo ili watoke kabla ya picha.

Sitawaahidi mtoto. Anayewaahidi kwa tarehe anawadanganya, na anayewaambia kwamba mkiamini vya kutosha mtapata anawatwika mzigo mwingine juu ya ule mlio nao. Abrahamu aliahidiwa na Mungu mwenyewe. Mimi na ninyi tumeahidiwa kwamba hatutaachwa, na hilo ni ahadi tofauti. Wako niliowalea kiroho waliopata mtoto baada ya miaka mingi, wako walioasili mtoto kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wako waliozeeka wawili, wakabishana juu ya redio na chumvi kama wazee wengine, wala sikuona kwamba Mungu aliwapenda pungufu.

Ninyi mliokwisha kumtaja mama, au shangazi, au wifi, naye bado yu hai, nendeni kwake. Wazee wetu wa Kichaga walikuwa na jani la isale: aliyekosa alilifunga fundo, mtu wa kuheshimika akalipeleka kwa aliyekosewa, na ilikuwa vigumu mno kulikataa. Kama mna aibu, tafuteni mtu wa namna hiyo awatangulie, awe mjomba au mchungaji, lakini asiwe yule aliyewapa unabii. Mkifika, semeni mlichokifanya kwa jina lake, kwamba tulikudhania mchawi, tulikataa chakula chako, tuliwaambia wengine. Msiseme kwamba kulikuwa na kutoelewana. Nendeni kabla ya Desemba, kwa sababu Krismasi nyumba hujaa watu, na msamaha kama huo hauombwi mbele ya mashemeji na watoto wa likizo. Kisha wapigieni simu wale wote mliowaambia, mmoja mmoja, muwaambie kwamba mlisema uongo. Na ikiwa mama atawafungia mlango mara ya kwanza, msiandike chochote kwenye status. Rudini wiki inayofuata.

Mama yenu katika Bwana,
mkunga mstaafu na mzee wa kanisa,
Kilimanjaro