Babako ameiona Kampala

Kampala, Jumatano usiku

Mwanangu mpenzi,

Waama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, na gari pia ni zima. Nakuandikia nikiwa juu ya kile kitanda ulichokichomelea fremu kwa mkono wako, taa ya sola nimeitundika dirishani. Babako amelala tangu saa mbili, kama mtoto aliyeshinda akicheza. Miguu yamuuma. Leo amepanda ngazi 304 na kuzishuka zote.

Najua hukuipenda safari hii. Ulisema mzee aliyeendesha trela miaka 26 hana haja ya kurudi barabara ile ile na Hiace kuukuu, akalala tena ndani ya gari na nyumba anayo. Nilikuelewa. Lakini kuna jambo ambalo hata mimi sikulijua mpaka tulipofika huku, na limekuwa zito kifuani, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Jana jioni tuliingia mjini kutoka Jinja, tukaegesha kwenye uwanja wa hosteli moja inayopokea wasafiri wenye magari ya kulala. Pana choo safi na maji ya moto. Nikabandika chai, nikamwambia, "Haya, mwenyeji, kesho wanipeleka wapi?" Maana miaka yote hiyo kwangu mimi Kampala ilikuwa mji wake. Akirudi huja na mkungu wa ndizi na karanga, nanyi watoto mkimzunguka awahadithie. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mama watoto, mimi Kampala nayajua mabohari. Nalijua geti, namjua mama wa chai, najua pa kuoga. Sijapanda kilima hata kimoja."

Miaka 26, mwanangu. Wewe sasa unaijua kazi hiyo kuliko mimi: mzigo una lakiri, dereva hathubutu kuuacha. Siku ya kushusha hujui ni leo au ni kesho kutwa, na ukishashusha tu simu yalia, mwenye gari ataka trela lake Mombasa. Babako alikuwa akitandika turubai chini ya trela na kulala hapo, nami nyumbani nikidhani yuko matembezini. Usiku ule sikupata usingizi upesi.

Basi leo tuliliacha gari palepale tukapanda boda, kila mmoja yake. Gari letu huku lingetutesa. Matatu yetu wao waiita taksi, na karibu zote ni Hiace. Jana kutoka Mukono watu walitupungia mkono wakidhani twachukua abiria. Kwenye foleni mama mmoja alifungua kabisa mlango, akaona kitanda na mapazia ya leso, akacheka, akaufunga taratibu na kutuombea safari njema.

Tulianza Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka wa Buganda. Kwa mbali waona paa tu, kama kilima cha nyasi kilichoota juu ya kilima. Wamelala hapo wafalme wanne: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili, yule aliyekimbia jumba lake liliposhambuliwa mwaka 1966 akafia London mwaka 1969. Nyumba iliteketea kwa moto Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO wakaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuezeka ni haki ya ukoo mmoja tu, Ngeye, na ndani ya paa mna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Waganda. Hatukuingia ndani. Tulisimama uani, na uani pekee palinitosha: nyasi zimefungwa matita matita, zimekatwa ukingoni sawasawa kama ndevu za bwana harusi.

Kijana aliyetutembeza alianza kwa Kiingereza. Babako akamuuliza swali kwa Kiswahili, na yule kijana akajibu kwa Kiswahili, akitafuta maneno lakini akiyapata. Akatueleza kwamba Mutesa wa Kwanza alikijua Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda tangu enzi za babake, Suuna wa Pili. Mwaka 1844 alikuwapo barazani mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, na wafanyabiashara hao ndio waliouleta Uislamu huku. Babako akauliza, kwa makini kabisa, walikuja na mzigo gani. Nguo, shanga na bunduki, akajibiwa. Na kurudi walibeba pembe za ndovu. Na njia? Bara la Tanganyika, kupitia Tabora na Karagwe, kwa miguu, miezi na miezi, mzigo kichwani. Babako akatikisa kichwa. "Kumbe kazi yangu ni ya zamani hivyo," akasema. Mwanangu, sijapata kumsikia akiitaja kazi yake kwa sauti ile. Kwake ilikuwa riziki tu, na mgongo mbovu. Alilirudia neno hilo tulipokuwa twavaa kofia za boda, akalirudia tena tuliposhuka.

Nimekununulia kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti. Ni rangi ya kahawia iliyoiva, na ukiipitisha vidoleni wahisi mistari midogo iliyoachwa na nyundo za mbao. Gome hulivua kwenye mti wa mutuba, wakaligonga na kuligonga mpaka likatanuka. Mti wenyewe hauachwi uchi. Shina hufungwa majani ya migomba, gome likaota upya, na ukavuliwa tena msimu mwingine. Nilisimama na kipande kile mkononi muda mrefu, mpaka muuzaji akanipunguzia bei bila ya mimi kuomba.

Njiani tulikula rolex. Wewe waijua, lakini mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza: mayai yaliyopigwa na kitunguu na kabeji, yakaangwa juu ya bamba la moto, chapati ikalazwa juu, ikaviringwa. Msichana aliyetupikia hakuzidi miaka 16. Alipompa babako chenji alipiga magoti palepale kando ya barabara, lami yote ikiwa na vumbi. Ndiyo adabu yao kwa wakubwa. Babako akamwambia "Webale nnyo," yaani asante sana, akaniangalia kwa fahari, maana hilo neno analijua barabara.

Adhuhuri tuliswali msikiti wa Old Kampala. Ndicho kilima ambacho Lugard, yule Mwingereza, alijenga ngome yake mwaka 1890. Msikiti ulianzishwa miaka ya 1970 wakati wa Idi Amin, ukakwama miaka mingi, hadi Libya ya Gaddafi ilipogharimia kuumaliza. Ndani ni zulia na utulivu. Sina maneno zaidi ya hayo. Baada ya sala tukauendea mnara.

Ngazi zazunguka na kuzunguka. Babako alikuwa akisimama kila baada ya mizunguko miwili, kiganja ukutani, akisingizia kwamba anaangalia dirishani. Nilimwambia turudi. Akasema, "Nimepanda Mau Summit na tani 28, nitashindwa na hiki?" Tukafika juu jasho latiririka.

Mwanangu, mji wote uko chini yako. Karibu kabisa waiona stendi kuu ya zamani, taksi nyeupe zimebanana kama dagaa kwenye beseni, na bado moja yapata njia ya kutoka. Mtembezaji wa msikitini alianza kutuonyesha vilima, lakini babako hakumsikiliza. Alikwenda moja kwa moja upande wa mashariki, akashika ukuta, akawa anatafuta kwa kidole. Alitafuta sana. "Palee," akasema mwishowe. "Paa la buluu. Pale ndipo nilipokuwa nikilala." Nikatazama. Ni paa dogo kama ukucha. Sikujua niseme nini, nikamshika mkono, na unajua babako si mtu wa kushikwa mkono mbele za watu. Hakuutoa.

Kisha akalipa lile paa mgongo, akamwambia mtembezaji, "Haya, nisomeshe." Namirembe, penye kanisa kuu la Waanglikana. Rubaga, la Wakatoliki. Mengo kwa Kabaka. Kasubi tulikotoka. Makerere, Nakasero, Kololo, na Kibuli na msikiti wake. Babako alikuwa akiyarudia moja moja kama mwana wa chuoni afunzwaye alifu, na alipokosea alianza upya.

Mchana uliobaki ulikwenda haraka. Mengo tuliiona ile barabara iliyonyooka kutoka Bulange, bunge la Buganda, hadi jumba la Kabaka. Kwenye mzunguko pana kijia katikati chenye geti, watu wa kawaida wazunguka, Kabaka peke yake hupita moja kwa moja. Mvua ikatukuta. Mwenye boda mmoja alituongezea nauli kwa ajili ya mvua hiyo, tukalipa. Sanamu ya Uhuru, ile aliyoichonga Gregory Maloba, mzaliwa wa kwetu Kenya, tuliiona tukipita tu, tumelowa.

Sasa ninalokutaka. Umesema una mzigo wa Kampala mwezi ujao. Ukifika, na wakikwambia ungoje, usilale chini ya trela siku nzima. Mwachie tanboi gari kwa muda wa saa tatu tu, panda boda hadi Old Kampala, kisha naye mpe zamu yake, maana naye ni mwana wa mtu. Vaa viatu vya kuvuliwa upesi. Ukifika juu tazama mashariki, na ukiliona paa la buluu, nipigie.

Lubugo nimeikunja kwenye droo chini ya kitanda. Kesho twaelekea njia ya Masaka, babako ataka kusimama kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe. Trela lake halikuwahi kuvuka Kampala.

Mamako