Wanaume wanakufa mapema, na si kudra peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lililozoeleka kiasi kwamba halimshtui tena mtu, nalo ni kuwa wanawake huwazika waume zao mara nyingi zaidi kuliko waume wanavyowazika wake zao. Tukifika msibani tunasema ni kazi ya Mungu na haina makosa, kisha tunatawanyika. Sipingi imani hiyo, kwa kuwa nami ni muumini. Ninachopinga ni kuitumia kufunika sababu zinazojulikana na zinazozuilika.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2021 umri wa kuishi uliotarajiwa duniani ulikuwa miaka 73.8 kwa wanawake na 68.4 kwa wanaume. Wapo wanaosema tofauti hiyo ni maumbile tu, na kweli maumbile yana sehemu yake: mwanamke ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) mbili za X, hivyo hitilafu iliyomo katika moja inaweza kufidiwa na nyingine, na homoni ya estrojeni huisaidia mishipa yake ya damu kabla hajakoma hedhi. Hata hivyo, maumbile hayamalizi hesabu. Mtafiti Marc Luy alipekua kumbukumbu za watawa wa Kikatoliki zaidi ya 11,000, wa kike na wa kiume, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, watu ambao ratiba yao ya kula, kulala, kusali na kufanya kazi ilifanana kwa sehemu kubwa, akakuta kwamba tofauti ya umri wa kuishi baina yao ilikuwa kama mwaka mmoja tu, wakati miongoni mwa watu wa kawaida pengo lilikuwa kubwa mara kadhaa. Mtawa wa kiume ameumbwa kama mwanamume mwingine yeyote. Kilichomtofautisha ni namna alivyoishi.

Tunayajua mambo yanayowaondoa wanaume. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019, na milioni 2 kati ya hivyo vilikuwa vya wanaume. Mwaka huohuo, wanaume waliojiua walikuwa 12.6 katika kila wanaume 100,000, dhidi ya wanawake 5.4 katika kila wanawake 100,000. Barabarani nako, wanaofariki kwa ajali wengi ni wanaume, hasa vijana. Nyuma ya takwimu hizi lipo neno tunalomwambia mtoto wa kiume tangu akiwa na miaka mitano, kwamba ajikaze kiume, naye akikua hulitii hata pale kifua kinapombana.

Lakini naona tunakosea tunapoishia kuwalaumu wanaume kwa ukaidi, kwa sababu utaratibu wa huduma zetu nao unawaacha nje. Mwanamke huzoea kituo cha afya angali kijana: huenda kliniki ya wajawazito, hufuata uzazi wa mpango, humpeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa, na katika nyingi ya safari hizo hupimwa presha na damu hata kama hakuja kwa ajili hiyo. Mwanamume hana mlango wa namna hiyo. Baada ya chanjo za utotoni, anaweza kukaa miaka thelathini au arobaini bila kuitwa na mtu yeyote mwenye kipimo mkononi.

Kaka yangu mkubwa alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 51. Presha yake ilijulikana siku ile alipoanguka. Nakumbuka alivyowahi kutusimulia kwamba alimsindikiza shemeji yetu kliniki katika mimba zote tatu, na mara zote tatu aliambiwa asubiri kwenye benchi la nje. Kumpima presha kungechukua dakika chache tu. Simtafuti mkosaji, kwani wahudumu walifuata utaratibu waliopewa, lakini benchi lile sijalisahau.

Yaliyompata yeye si ya pekee. Kati ya watu wazima wenye shinikizo la damu duniani mwaka 2019, waliokuwa wameshagunduliwa walikuwa asilimia 59 kwa wanawake na asilimia 49 tu kwa wanaume. Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mwaka 2023 wanawake asilimia 83 walikuwa kwenye matibabu, na wanaume asilimia 72. Tena suala hili ni la kale: mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa London aliyechambua orodha za vifo za jiji hilo, aliandika kwamba waganga walikuwa na wagonjwa wawili wa kike kwa kila mmoja wa kiume, na bado waliozikwa wengi walikuwa wanaume.

Serikali zinaweza kulipunguza pengo hili la umri wa kuishi zikiamua. Urusi, ambako tofauti kati ya jinsia hizi mbili ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani, ilipandisha kodi ya pombe na kubana muda wa kuiuza pamoja na matangazo yake. Kati ya mwaka 2003 na 2016 unywaji ulishuka kwa asilimia 43, na umri wa kuishi wa wanaume ukapanda. Ireland nayo iliweka sera ya taifa ya afya ya wanaume kuanzia mwaka 2008.

Najua wapo watakaohofu kwamba fedha zitahamishwa kutoka huduma za akina mama, ambao bado wanapoteza maisha katika uzazi na ambao miaka yao ya ziada mara nyingi huiishi wakiwa wagonjwa. Hofu hiyo ni ya haki, na mimi siombi hata senti moja ya kwao. Naomba vituo vifunguliwe jioni mara moja kwa wiki kwa wanaotoka kazini, wapimaji wa presha na sukari wapelekwe mahali pa kazi, na baba anayemsindikiza mkewe kliniki aitwe ndani apimwe.

Kwako Mhariri, nina ombi moja pia. Makala za afya katika magazeti mengi huwekwa kwenye kurasa za familia na malezi, ambazo wanaume wengi huzipita. Tafadhali weka angalau moja kwa wiki ndani ya kurasa za michezo, kando ya msimamo wa ligi.

Msomaji wako wa siku nyingi